Kupe wa Mwisho wa Mjomba Faraji

Mwezi uliopita nilikuwa Isiolo, katika chumba cha kupanga ambacho sikukusudia kukaa sana, kama vyumba vyote nilivyowahi kupanga. Jioni moja jirani yangu, mama mmoja auzaye maziwa, alimlaza mbwa wake mbele ya mlango, akaweka kando kopo lenye mafuta ya taa, akaanza kumtoa kupe. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na ya manyoya ya mbwa ilinifikia, na mikono yangu ikasimama yenyewe juu ya ungo. Jirani akaniuliza kama harufu inanikera. Nikamwambia hapana. Nikaingia ndani, nikajifungia, nikalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba asubuhi hiyo, ilhali msiba wenyewe una umri wa kuwa na wajukuu.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Mji wa Kale wa Mombasa mtakumbuka kwamba mbwa kwetu hakuwa mnyama wa kuguswa. Mji ule ulikuwa wa paka. Walilala kwenye baraza, kwenye mikokoteni, hata juu ya majeneza ya msikiti, na hakuna aliyewafukuza. Mbwa akipita kichochoroni, mama zetu walikusanya buibui zao wakajibana ukutani, na sisi watoto tukapiga kelele kama tulioona moto. Tulijua akikulamba lazima ukajioshe maji saba, moja liwe na udongo. Tulijua hayo kabla hatujajua kusoma.

Kwa hiyo fikirini fadhaa ya bibi yangu siku mwanawe kitinda mimba, Mjomba Faraji, aliporudi nyumbani kusema amepata kazi ya ulinzi kwenye godauni moja Shimanzi, na kwamba amekabidhiwa mbwa.

"Mbwa?" Bibi aliuliza, mwiko ukiwa hewani. "Baba yako kasomesha Kurani mtaa mzima huu, wewe ukashinde na mbwa?"

"Sishindi naye, Mama," Mjomba akasema. "Nakesha naye."

Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alicheka hadi akaegemea ukuta. Bibi hakucheka, lakini niliona amegeuka haraka upande wa jiko, na mabega yake yakitikisika. Hivyo ndivyo Mjomba alivyokuwa. Hukuweza kumkasirikia ukamaliza.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma kidogo ya Ndia Kuu, ya ghorofa moja, yenye ua mdogo nyuma na mlango wa uani uliotazama kichochoro. Baba alikuwa kazini Uarabuni, akija na kuondoka kama mgeni, kwa hiyo mwanamume wa nyumba alikuwa Mjomba. Bibi akamwekea sheria. Kila asubuhi akitoka kazini hapiti mlango wa mbele, anapita uani. Huko atakuta ndoo, kata na bakuli la udongo safi ambao Bibi aliuchekecha mwenyewe kwa chekecheo la unga lililochakaa. Atajiosha mikono, miguu na kila palipoguswa na mbwa. Nguo zake za kazi zina kamba yake peke yake. Bibi alisimama mlango wa jiko, mgongo wake kwetu kwa heshima, akihesabu kwa sauti.

"Hilo la sita," anasema.

"La saba, Mama."

"La sita. Usimdhulumu Mungu alfajiri yote hii."

Akishamaliza kuoga na kuvaa kikoi, Mjomba anakaa kwenye kigoda na zamu yangu inaanza. Sajini, mbwa wake, alilala kwenye majani yaliyoota nyuma ya godauni, na majani yale yalikuwa na kupe. Hawakutosheka na mbwa. Walipanda kwa Mjomba kupitia soksi, wakatafuta mahali pa joto, nyuma ya goti, kiunoni, kwapani, nyuma ya sikio. Maji saba hayawatoi. Mama akimwona kupe tu, yeye hurukia kitandani na viatu vyake. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Ikabaki mimi, mwenye vidole vyembamba na macho makali, na Mjomba akanipa jina la Bi Kidole.

Alinifundisha kama fundi anayemfundisha mwanafunzi. "Usimfinye tumbo," aliniambia, "atatapika kila alichokula. Usimzungushe. Mshike pale mdomo ulipoingia, karibu kabisa na ngozi, umvute polepole, kama unayechomoa uzi kwenye kanzu ya mtu aliyelala." Bibi aliamini njia yake, ya kumchoma kupe kwa kijiti cha kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na mara moja alipojaribu kwa macho yale mabovu alimchoma Mjomba sikio, naye Mjomba akaruka mpaka kwenye karo. Tangu hapo kazi ikawa yangu kabisa. Kila kupe niliyemtoa nilimtia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mafuta ya taa, naye akachezesha miguu kidogo, akatulia. Kopo lilikaa kwenye kidaka, kile kijishubaka cha ukutani chumbani kwa Mjomba ghorofani, mahali ambapo zamani palikaa taa.

Siku moja alasiri, Bibi akiwa amelala, Mjomba alinichukua kwenda Shimanzi nikamwone Sajini. Nilikuwa nimemjengea sura kichwani, ya dubwana lenye meno. Nikakuta mbwa wa rangi ya kahawia, mkubwa kweli, mwenye sikio moja lililokatika ncha na macho ya mtu aliyesikitishwa. Mlinzi mwenzake Mjomba, Mutua, Mkamba mrefu aliyekuja pwani kufanya kazi reli kabla ya kuingia ulinzi, alikuwa amekaa kwenye kreti akinywa chai.

"Huyu ndiye daktari wa kupe?" Mutua akaniuliza. "Shikamoo, daktari."

Nikauficha uso wangu kiunoni mwa Mjomba.

"Unamwogopa Sajini?" Mjomba akaniuliza.

"Naogopa najisi."

"Najisi haiumi. Simama pale mbali, utazame tu."

Akakaa chini, na Sajini akaja mwenyewe, bila kuitwa, akalaza kichwa juu ya paja lake na kushusha pumzi ndefu. Kupe walikuwa wamejaa ndani ya sikio lake kama zabibu kavu. Mjomba akawa anawatoa mmojammoja, mkono mmoja ukifanya kazi, mwingine umetulia juu ya shingo ya mbwa. Sajini akafumba macho. Walipokwisha, hakuondoka. Alibaki pale, na Mjomba akaendelea kupekua manyoya yaleyale aliyokwisha kuyapekua.

"Si wamekwisha?" nikauliza kutoka kule mbali.

"Wamekwisha. Lakini yeye hataki kuambiwa." Mjomba akacheka. "Huyu mjanja. Siku nyingine hana hata mmoja, na bado anakuja kulala hapa. Anataka mkono tu."

Niliyachukulia maneno hayo kuwa mambo ya mbwa, nikayasahau.

Sijui kukonda kwake kulianza lini. Mtoto haoni mtu akikonda, huona tu siku moja kuwa kikoi kimezunguka mara mbili. Mgongo wake niliouzoea ulianza kuwa na matuta. Ilikuja homa iliyokwenda na kurudi, kikohozi, kisha vidonda mdomoni. Asubuhi moja hakwenda kuoga uani kwa sababu usiku ule hakwenda kazini, wala hakwenda tena. Akapanda chumbani kwake ghorofani akawa hashuki.

Ndipo mambo ya nyumbani yakabadilika, kimya kimya, bila mtu kunieleza. Mjomba alipewa sahani yake, ya bati, yenye ukingo wa buluu. Akapewa kikombe chake, ndoo yake, taulo lake. Sahani ile haikuoshwa pamoja na zetu. Mama alipompelekea chakula aliweka sinia kwenye ngazi ya juu kabisa, akagonga mlango, akashuka. Bibi aliingia chumbani, lakini alisimama karibu na mlango akizungumza naye kwa mbali, kanga ameibana mdomoni, na akitoka alikuwa anakaa jikoni muda mrefu bila kupika chochote.

Majirani walikuja kuulizia, nusu kwa huruma na nusu kwa jambo jingine ambalo sikulitambua. Bibi aliwapokea barazani, hakuwapandisha juu.

"Ni kupe," aliwaambia. "Kupe wa yule mbwa. Wamemnyonya damu mwanangu mpaka wamemmaliza."

"Lahaula," wakasema wale wanawake, wakatazamana.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango nikila embe bichi kwa pilipili, na nilipoyasikia maneno yale kila kitu kikakaa mahali pake. Sahani. Ndoo. Mama kuishia ngazini. Nikapiga hesabu yangu ya kitoto, na nawaambia haikuwa na kosa hata moja, ila tu haikuwa kweli. Kupe alikunywa damu ya Sajini, kisha akazamisha mdomo kwa Mjomba. Kwa hiyo najisi ya mbwa ilikuwa imeingia ndani, huko ambako kata ya maji haifiki. Ndiyo maana alitengwa. Na ndiyo maana alizidi kukonda, kwa sababu mahali fulani mwilini mwake alikuwa amebaki kupe mmoja ambaye bado hajapatikana.

Chuoni, kwenye masomo yetu ya Kurani, niliinua mkono nikamwuliza mwalimu, "Mtu akiwa na najisi ya mbwa ndani ya tumbo, huoshwaje?"

Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Umemla mbwa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikakaa chini. Nilikuwa nimekwisha kupata jibu langu mwenyewe.

Alasiri ile nilipanda ghorofani na glasi ya maji. Ndani yake nilikuwa nimetia kijiko cha udongo wa Bibi, ule uliochekechwa, nikakoroga mpaka ukawa kama chai. Mjomba alikuwa ameegemea mto, dirisha limefungwa nusu kwa kuwa mwanga ulimwumiza macho. Nikamweleza yote, habari ya damu, ya najisi, na kwamba inabidi anywe mara saba, hii ya kwanza ya udongo, nyingine sita nitamletea maji matupu.

Hakucheka. Aliitazama ile glasi kwa muda. Akasema, "Bismillahi," akapiga funda moja. Nikausikia mchanga ukisagika kwenye meno yake. Kisha kikohozi kikamshika, na Mama akapanda ngazi mbio akasimama mlangoni.

"Umempa nini? Wee mtoto, umempa nini?"

"Mwache, Dada," Mjomba akasema alipopata pumzi. Alijipangusa mdomo kwa kiganja. "Hajanipa sumu. Kanipa dawa."

Mama hakuingia kuichukua glasi. Aliniambia niichukue mimi, nishuke nayo. Nikakumbuka baadaye kwamba alikuwa akilia, lakini wakati ule nilidhani ni hasira.

Nikarudia kazi niliyoijua. Kila nikitoka chuoni nilipanda kumtafuta yule kupe. Hakuna aliyenituma, na ajabu ni kwamba hakuna aliyenikataza. Nilianza kwenye kisigino nikapanda, kama alivyonifundisha. Nilipekua nyuma ya magoti yaliyokuwa yamebaki mifupa, nikapekua mbavu, kwapa, shingo, nikagawanya nywele zake zilizokuwa zimenyauka na kuwa laini kama za mtoto mchanga. Sikupata kitu. Siku ya pili sikupata kitu. Siku iliyofuata nilikaa chini sakafuni nikaanza kulia.

"Walia nini, Bi Kidole?"

"Simpati. Yumo na simpati."

Kando yake palikuwa na ile sahani ya ukingo wa buluu, yenye papai ambalo Bibi alimletea kila siku, kwa kuwa ndilo lililopita kwenye vidonda vya koo.

"Kupe wajanja," akasema. "Hujificha mchana. Njoo kesho, jua likikaribia kushuka. Huenda akatoka."

Kesho yake nilimpata. Alikuwa nyuma ya sikio la kushoto, mweusi, mnene, amelowa. Nikamshika karibu na ngozi, nikamvuta polepole kama unayechomoa uzi kwenye kanzu ya mtu aliyelala. Aliachia kirahisi. Nikamtia koponi.

"Mbona hachezeshi miguu?" nikauliza, nikichungulia.

"Huyo mzee. Kupe wazee hawana nguvu za kukimbia."

"Basi sasa utapona?"

"Tutazame kama yuko peke yake," Mjomba akasema.

Hakuwa peke yake. Siku iliyofuata alikuwepo mwingine, kwenye nywele za kisogoni. Kisha mwingine kwenye bega. Kila siku mmoja, na kila siku ilinibidi nitafute kwa muda mrefu kabla sijamwona, na Mjomba alifumba macho akatulia chini ya vidole vyangu, pumzi zake zikapungua kasi. Wakati mwingine alinisimulia habari za Sajini. Wakati mwingine tulisikiliza tu kelele za mafundi seremala kichochoroni na adhana za Magharibi zikifuatana, msikiti huu na ule.

Mutua alikuja mara moja, amevaa shati la Jumapili. Alipiga hodi akaamkia, Bibi akamkaribisha barazani na kumletea maji, akamwambia mgonjwa amelala.

"Nitamngoja aamke, Mama," Mutua akasema, akakaa na kofia yake magotini, akangoja kweli, mpaka Bibi akashindwa na kumpandisha.

Mimi nilikuwa chumbani. Mutua aliinama kwa sababu ya mlango mfupi, akaenda moja kwa moja kitandani, akauchukua mkono wa Mjomba kwa mikono yake miwili. Hakuuachia. Akazungumza huku ameushika, kwamba Sajini anakula kidogo sana, kwamba jioni hukaa langoni akitazama njia ya kuja mjini, kwamba yeye Mutua anajaribu kumtoa kupe lakini mbwa anamwona hajui kazi. Mjomba alicheka, machozi yakimchuruzika kuelekea masikioni. Nilikumbuka jambo moja tu la ugeni ule, na sikujua kwa nini nimelikumbuka. Ule mkono ulivyoshikwa. Ilikuwa kama kuona mtu anakula mchana wa Ramadhani, jambo la kawaida lililogeuka kuwa ajabu kwa sababu umekaa muda bila kuliona.

Jioni moja, baada ya kunyesha, nilimpata kupe juu ya mfupa wa bega. Mjomba aliniomba nimwoneshe. Nikamwonesha kiganjani, naye akamtazama kwa macho yaliyokuwa yameingia ndani sana.

"Huyu ndiye wa mwisho, Bi Kidole," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baada ya huyu, sina mwingine."

"Wallahi?"

"Wallahi. Umeifanya kazi yako vizuri."

Nilishuka ngazi mbili mbili. Nikamkuta Bibi na Mama jikoni, nikawatangazia kwamba kupe wamekwisha, kwamba Mjomba mwenyewe ameapa, kwamba kesho anaweza kula kwenye sahani zetu. Mama alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini polepole. Bibi akanivuta, akaubana uso wangu kwenye tumbo lake, akanifunika kanga, na gizani mle, katika harufu ya moshi na kitunguu, nilidhani wote wamefurahi kama mimi.

Mjomba alifariki kabla ya alfajiri.

Asubuhi nyumba ilijaa. Sisi watoto na wanawake tulikuwa chini, wanaume juu. Nilinusa udi na karafuu maiti, na nikasikia maji yakimiminwa. Nikamvuta Mama kanga.

"Waambie waanze na udongo," nikamwambia.

"Nini?"

"Udongo wa Bibi. Waambie wamwoshe saba, moja ya udongo, najisi itoke. Watasahau."

Mama alinitazama. Kisha akainuka, akapita katikati ya wanawake, akaenda mpaka chini ya ngazi, akasimama hapo kidogo, akarudi. "Nimewaambia," akasema. Nilimwamini. Waosha maiti waliposhuka nikaona wamejifunga mifuko ya plastiki mikononi mpaka kwenye viwiko, na mimi, mwenye hesabu yangu isiyo na kosa, nikajua kuwa ni kwa sababu ya Sajini.

Baada ya hitima Bibi alinituma nikatoe vitu vya chumba cha juu. Godoro lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Kwenye kidaka lilibaki kopo langu. Nilishuka nalo uani nikalimwaga kwenye mfereji, palepale ambapo Mjomba alikuwa akijiosha, na mafuta ya taa yakatanda juu ya maji kwa rangi za upinde wa mvua. Kwenye kitako cha kopo walibaki kupe kadhaa wa zamani, wamesinyaa, miguu imejikunja. Na juu yao, zimejaa, mbegu za papai.

Nilichuchumaa nikaziokota. Nilizibonyeza moja moja. Zote zilikuwa mbegu.

Nawaeleza kama nilivyohisi, si kama ningependa kuwa nilihisi. Nilikasirika. Nilidhani Mjomba alinichezea, na kwamba wakati mimi nikichuma mbegu, kupe wa kweli alikuwa mahali pengine akiendelea kumnyonya. Nilizitupa mbegu zote kichochoroni. Kwa muda mrefu sikumwombea dua, na Bibi aliponiuliza kwa nini, nilisema nimesahau.

Ugonjwa nilikuja kuujua sekondari, siku muuguzi mmoja alipokuja kutuhutubia na kutundika picha ubaoni. Niliitazama ile picha ya mtu aliyekonda, vidonda mdomoni, nikamwona Mjomba. Ukimwi. Nyumbani kwetu neno hilo halikutamkwa, siku zile wala baadaye. Dawa zake hazikuwepo wakati ule, na hofu ilikuwa nyingi kuliko maarifa, hata watu wema waliogopa sahani. Kupe walikuwa afadhali. Kupe waliweza kutajwa barazani.

Lakini mbegu sikuzielewa hata siku hiyo. Zilihitaji miaka, na vyumba vingi. Nimeishi Voi, Mwanza, Namanga, Lodwar, Isiolo. Nimepika kwenye kambi za wajenga barabara, nimeuza nguo, nimehama kila nilipoanza kujulikana jina. Katika maisha kama haya msimu mzima unaweza kupita bila mkono wa mtu kukugusa, ila wa muuza mboga anapokupokeza mfuko. Na jioni ile Isiolo, yule mama alipomaliza kupe wa mbwa wake, nilimsikia nje akimwambia, "Haya, wamekwisha, nenda," na mbwa hakwenda. Hapo ndipo niliposikia tena sauti ya Mjomba pale Shimanzi. Anataka mkono tu.

Kila alasiri alikuwa akiichagua mbegu mbichi kwenye papai lake, ile yenye utelezi unaonata, akaibandika mahali ambapo nitachukua muda kuifikia. Akafumba macho akangoja.

Nilipanda basi kesho yake. Sikuwa nimerudi Mombasa muda mrefu kuliko ninavyoweza kusema bila aibu. Nyumba ya karibu na Ndia Kuu iliuzwa Bibi alipofariki. Nilipita hapo, sasa pana duka la vinyago na mashuka ya watalii, na mlango wa uani umejengewa ukuta. Mama anaishi Bondeni, chumba cha chini, jirani na msikiti. Nilimkuta amekaa mkekani, miguu ameinyoosha. Tulisalimiana, tukaulizana hali, akanilaumu kwa kukonda kwangu. Nikampikia chai. Tukanywa.

"Mama," nikasema, "Mjomba Faraji alikufa kwa nini?"

"Kupe," akasema. Papo hapo, bila kunitazama. "Si wajua."

"Najua."

Nje mtoto alikuwa akipita akinadi mahamri. Mama alizungusha kikombe chake kwenye kisahani, akakizungusha tena.

"Nilikuwa nikikaa ngazini," akasema. "Pale ulipokuwa ukimpekua. Nikisikia mnavyozungumza. Mimi ndiye niliyembeba Faraji mgongoni, Bibi yako alikuwa mgonjwa, mimi ndiye nilimfundisha kutembea. Na nilikaa pale ngazini. Kila siku nilisema, leo nitaingia." Akakiachia kikombe. "Mlango ulikuwa wazi, mwanangu. Haukufungwa hata siku moja."

Nilikusanya vikombe, nikavipeleka kwenye karo, nikaviosha, vyote pamoja, kwenye maji mamoja. Niliporudi alikuwa amegeuka, amenipa mgongo, na ameteremsha mtandio mpaka mabegani.

"Hebu niangalie hapa shingoni," akasema. "Kuna kitu chanitambaa tangu asubuhi."

Nikakaa nyuma yake. Nywele zake zimekuwa nyeupe na chache, zina harufu ya mafuta ya nazi na asumini. Nilizigawanya kwa kidole, mstari kwa mstari, kutoka kisogoni kwenda juu. Ngozi yake ilikuwa safi. Hapakuwa na kitu, wala alama ya kitu. Nikahisi mabega yake yakishuka kidogo kidogo, na kichwa kikilemea mkono wangu.

"Umempata?" akauliza.

"Bado, Mama," nikamwambia. "Tulia."